Darasa la saba, Mei 20 na kibarua kilichoota nyasi

Hapa mjini mtu akimwaga unga tunasema kibarua chake kimeota nyasi, tunacheka, tunaagiza soda nyingine. Utani mzuri, mradi nyasi hazijaota kwenye kibarua cha baba yako. Mwaka 2017 ziliota nchi nzima, na hazikuchagua. Zilimkumba aliyefoji cheti kule Kariakoo, zikamkumba na mtu ambaye hajawahi kufoji hata sahihi ya mzazi kwenye ripoti ya shule. Huyo wa pili ndiye ninayetaka tumzungumze leo, maana wa kwanza tulishamsema mpaka basi.

Tukumbushane kidogo, msomaji, kwa sababu mambo ya Bongo yanapita haraka. Ijumaa ya Aprili 28, 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, aliyekuwa Waziri wa Utumishi, Angellah Kairuki, alimkabidhi Rais John Magufuli taarifa ya uhakiki wa vyeti. Watumishi 9,932 walikutwa na vyeti bomu. Vyeti 1,538 vilikuwa vinagombaniwa na watu 3,076, yaani cheti kimoja kina baba wawili, kama mtoto wa sinema. Wengine 11,596 walikuwa na vyeti pungufu. Rais akasema wa feki waondoke wenyewe kabla ya Mei 15, atakayebaki atakutana na mkono wa sheria. Ofisi nyingine zikabaki na viti vitupu. Zahanati nyingine zikabaki na mhudumu mmoja.

Sawa. Mtu kafoji, kaondoka. Hata kijiweni kwetu hakuna aliyelia.

Ila nyuma ya kundi hilo kukatokea kundi jingine lililosombwa na mkokoteni uleule. Hao ni wale walioajiriwa na elimu ya darasa la saba: madereva, wahudumu, walinzi, watendaji wa vijiji. Hawakuwa na cheti cha kufoji. Waliulizwa cheti cha kidato cha nne, wakajibu hatuna, hatujawahi kuwa nacho, na mliotuajiri mlijua. Kesho yake majina hayamo kwenye orodha ya mishahara.

Na kisa chote ni tarehe moja. Mei 20, 2004.

TAREHE YENYEWE

Siku hiyo, iliyokuwa Alhamisi, ndiyo Serikali inayoihesabu kuwa mwanzo wa sharti la kidato cha nne katika utumishi wa umma, kwa Waraka wa Utumishi Namba 1 wa 2004. Kuanzia hapo mtu wa darasa la saba hakupaswa tena kuajiriwa serikalini. Aliyeingia kabla, kaingia kihalali. Aliyeingia baada, kaingia kimakosa, hata kama aliyekosea ni yule aliyemwandikia barua ya ajira.

Sasa angalia kichekesho. Mwaka huohuo wa 2004 ndio ulipoanza Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari, ule wa 2004 hadi 2009, ambao ndio uliotumwagia shule za kata. Kabla ya hapo, wewe wa kijijini ukimaliza la saba usichaguliwe, basi tena. Shule za sekondari za Serikali zilihesabika, na nafasi zake zilikuwa chache kama siti za mbele kwenye basi. Kwa hiyo dola ilikuwa inasema kwa mdomo mmoja: tunaanza kuwajengea sekondari, na pia tunawadai vyeti vya sekondari. Kijana wa wakati huo angeweza kuisubiri shule ijengwe akasoma. Baba yake je? Arudi dawatini na ndevu zake?

Nalisema hili kwa sababu kwetu ni Kinyangiri.

Najua hujui Kinyangiri iko wapi, usijizuge. Ni Singida, wilaya ya Mkalama, ile iliyomegwa kutoka Iramba. Ukitoka Singida mjini unapita Iguguno, halafu unaacha lami na kuanza kula vumbi. Ni nchi ya alizeti, uwele, mtama na vitunguu, na ya kuku wale ambao nyie wa Dar mnauziwa kwa bei ya mbuzi. Ukifika saa ya chakula utakuta ugali wa uwele na mlenda. Ukiukataa watakusema kwa Kinyiramba mbele yako, na wewe utatabasamu tu.

Hapo ndipo anapoishi baba mdogo wangu. Alimaliza darasa la saba mwaka 1979. Hakuchaguliwa. Alilima, akafanya biashara ya vitunguu ikamkataa, akawa karani wa kupima pamba Mwanza huko, akarudi. Mwaka 2002 halmashauri moja, ambayo siitaji jina, ikamchukua kuwa mtendaji wa kijiji. Sio hapo Kinyangiri, alipangiwa mbali kidogo, siku za mwanzo alikuwa anaenda kwa baiskeli Jumatatu na kurudi Ijumaa.

Kama hujawahi kuishi kijijini unaweza kudhani mtendaji wa kijiji ni mtu wa kukaa na muhuri. Ebo! Mtendaji ndiye anayeandika muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Ndiye anayeamka usiku ng'ombe wakiingia kwenye mtama wa mtu. Ndiye anayekusanya michango ya darasa halafu anatukanwa kwa sababu ya michango ya darasa. Ndiye anayejua mpaka wa shamba la fulani unapita kwenye mti gani, na ule mti ulikatwa mwaka gani, na aliukata nani. Baba mdogo alifanya hayo miaka kumi na mitano. Mwandiko wake mzuri kuliko wangu, na mimi naitwa mwandishi.

Julai 2017 alikwenda benki Singida, akaambiwa akaunti haina kitu. Akadhani mtandao. Akarudi wiki iliyofuata, hakuna kitu. Akaenda halmashauri, akakuta wenzake wamejaa kwenye veranda kama wagonjwa wa kliniki. Hapo ndipo alipoambiwa: huna sifa.

Sikilizeni hilo neno. Hakuambiwa "umeiba", wala "mtoro", wala "mlevi". Huna sifa. Baada ya miaka kumi na mitano.

BARUA MBILI

Hapa ndipo mambo yalipokuwa matamu, au machungu, inategemea umekaa upande gani wa meza.

Baba mdogo alikuwa na barua mbili. Ya kwanza ya 2002, ya ajira ya muda. Ya pili ya Septemba 2004, ya kumthibitisha kazini. Kwenye kumbukumbu za mwajiri iliyokuwamo ni ya pili tu. Kwa hiyo kwa macho ya kompyuta huyu bwana ameajiriwa Septemba 2004, miezi minne baada ya Mei 20. Kaingia kimakosa. Nje.

Ile ya kwanza ilikuwa wapi? Ilikuwa kwenye sanduku la bati, chini ya kanga za harusi, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni wa sukari. Mama mdogo ndiye aliyeitunza. Mwenyewe baba mdogo alishasahau kama ipo. Mama yule kila karatasi iliyopigwa muhuri anaiweka humo, mpaka risiti za kodi ya kichwa za enzi hizo. Tulikuwa tukimcheka. Siku hizi hatumcheki.

Barua ikapatikana. Swali likawa: unaipeleka wapi?

Msomaji, hapa nyosha shingo kidogo, maana vijana wengi mnaoomba kazi serikalini hamjui hili, na siku likikukuta utakimbilia mlango usiokuwa wako. Mfanyakazi wa kampuni binafsi akifukuzwa anakwenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na anatakiwa awe ameshafika ndani ya siku 30. Mtumishi wa umma njia yake ni nyingine. Anakata rufaa Tume ya Utumishi wa Umma, na kanuni za 2003 zilizokuwa zinatumika wakati ule zilimpa siku 45. Akishindwa hapo anakwenda kwa Rais. Akiona bado, anaingia Mahakama Kuu kuomba uamuzi upitiwe upya, na huko nako anatakiwa aombe kibali ndani ya miezi sita. Saa tatu tofauti ukutani, kila moja inatembea kivyake, na hakuna anayekuja kukugongea mlango kukuambia yako imesimama.

Mwaka 2016 Bunge liliongeza kifungu kwenye Sheria ya Utumishi wa Umma, kikapewa namba 32A, kikisema mtumishi wa umma amalize kwanza njia za humo ndani kabla ya kwenda kwenye sheria za kazi. Wengi hawakukisoma. Watu wakaendelea kufungua mashauri yao usuluhishi, mengine yakasikilizwa, wengine wakashinda, wakapiga vigelegele. Halafu mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika rufaa ya Shirika la Posta iliyosikilizwa Mtwara, ikasema wazi kwamba ile Tume ya Usuluhishi haina mamlaka na migogoro ya watumishi wa umma. Mwenendo ukabatilishwa. Yaani unaendesha kesi miaka, unakuja kuambiwa ulikosea mlango. Sio kwamba huna haki. Ni mlango tu. Ukirudi kwenye mlango wenyewe unakuta siku 45 zilishaoza.

Baba mdogo alitaka kwenda huko huko usuluhishi, kama wenzake wa veranda. Aliyemzuia ni mwalimu mmoja mstaafu wa pale Kinyangiri, mpenda magazeti, mtu anayesoma mpaka matangazo ya zabuni. Akamwambia, "Mtendaji, hapo siyo kwako. Andika rufaa, ambatisha barua ya 2002, na uombe risiti ya posta." Rufaa ikaandikwa kwa mkono, kurasa tatu, ikapigwa chapa Iguguno. Hoja zake zilikuwa mbili. Ya kwanza: niliingia kabla ya Mei 20. Ya pili: hata kama sikuingia kabla, hakuna aliyeniita kunisikiliza.

Hoja hii ya pili ndiyo inayonigusa mimi. Katiba yetu, ibara ya 13, inampa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu pale haki zake zinapoamuliwa. Ukimtuhumu mtumishi kwa kosa kubwa unampa hati ya mashtaka, anajibu, kamati inachunguza. Mlevi wa kazini anapata yote hayo. Lakini mtu wa "huna sifa" alipata benki isiyo na kitu. Wenye vyeti bomu walisomewa idadi yao hadharani na rais. Darasa la saba waliambiwa na mashine ya kutolea pesa.

WA MAREKANI WALISHAGOMBANA

Hii vita ya cheti na kazi si yetu peke yetu. Marekani, jimbo la North Carolina, kulikuwa na kampuni ya umeme inaitwa Duke Power. Wafanyakazi weusi walikuwa wanawekwa idara moja tu, ya kazi za sulubu. Sheria ya haki za raia ya 1964 ilipozuia ubaguzi huo, kampuni ikawa tayari inadai cheti cha sekondari kwa anayetaka kuhamia idara nzuri, ikaongeza na mitihani. Kwa karatasi ni sharti la watu wote. Kwa vitendo ilijulikana nani hana cheti. Kesi ikafika Mahakama Kuu ya nchi nzima, na Machi 1971 majaji wote walioisikiliza wakakubaliana: sharti linalowafungia nje watu wa kundi fulani ni lazima lihusiane na kazi yenyewe. Na wakagusia jambo ambalo baba mdogo angelipenda sana. Kwenye zile idara kulikuwa na wazungu wa zamani wasio na cheti hicho, na walikuwa wanapiga kazi vizuri tu.

Si kwamba kesi zinafanana. Kule ilikuwa rangi, kwetu ni umri na mahali ulipozaliwa. Lakini swali ni moja: hicho cheti kinapima nini? Dereva aliyeendesha gari la wagonjwa miaka ishirini bila ajali, ukimnyang'anya usukani kwa sababu hana cheti cha kidato cha nne, umemlinda mgonjwa au umelinda faili?

Na kwa kuwa tumeanza kusema, tuseme yote. Katiba hiyohiyo, ibara ya 67, inamtaka anayegombea ubunge ajue kusoma na kuandika Kiswahili au Kiingereza. Basi. Uhakiki wa 2017 haukuwagusa viongozi wa kisiasa, na sababu iliyotolewa ilikuwa ndiyo hiyo, kwamba sifa yao ni kusoma na kuandika. Kwa hiyo mtu wa darasa la saba anaweza kuitungia nchi sheria pale Dodoma, ila hawezi kuandika muhtasari wa kikao cha kijiji. Nilimwambia baba mdogo hivyo nikitegemea acheke. Akanitazama, akasema, "Mwanangu, basi ningegombea."

UPANDE WA PILI

Sasa usidhani kijiwe kizima cha Kinyangiri kilikuwa kinamlilia. Kuna vijana pale wana diploma. Wana vyeti vya Chuo cha Serikali za Mitaa cha Hombolo, kile cha Dodoma, wamesomeshwa kwa alizeti na kwa ng'ombe waliouzwa. Kwa miaka walikuwa wanakaa kwenye gogo mbele ya duka, wanacheza bao, wanangoja tangazo. Mmoja wao alinijibu vikali nilipokuwa natetea wazee.

"Kaka, wewe una kazi Dar," akasema. "Sisi tuliambiwa tusome. Tumesoma. Sasa kiti kikiachwa wazi unataka tukiombee dua kirudi kwa mzee?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nadhani hakuna. Siku hizi tangazo la mtendaji wa kijiji daraja la tatu linadai kidato cha nne au cha sita na juu yake astashahada ya utawala, sheria, maendeleo ya jamii au fani kama hizo. Udereva unadai cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja C au E, mwaka mmoja wa kuendesha bila ajali, na mafunzo ya udereva ya VETA. Ni masharti yanayoeleweka. Elimu ya sekondari za Serikali mpaka kidato cha nne imekuwa bila ada tangu 2016, kwa hiyo anayezaliwa leo hana wa kumlaumu kwa ada. Mimi sipingi sharti. Kwa anayeingia leo, sawa kabisa, na ijulikane mlangoni. Ninachokataa ni kumtoa mtu ndani ya nyumba kwa sharti lililobandikwa mlangoni baada ya yeye kuingia, na kumtoa pamoja na mwizi aliyepita dirishani, ili jirani akiangalia asijue nani ni nani.

Maana hilo ndilo lililomuuma zaidi. Pale kijijini neno lililosambaa lilikuwa moja: "vyeti feki". Hakuna aliyekuwa na muda wa kutofautisha. Watoto wa shule walimwimbia mdogo wangu, binti yake, "baba feki, baba feki". Alikuwa darasa la tano. Mwezi mzima alikuwa anapita njia ya mabondeni ili asipite dukani.

Kenya nako walifanya usafi wa aina hiyo. Mapema 2024 Tume ya Utumishi wa Umma ya huko ilitangaza kukuta vyeti feki zaidi ya 2,000 kwenye taasisi za Serikali. Mfoji yupo kila mahali, na atafutwe. Ila asitafutwe kwa kokoro.

MLANGO UKAFUNGULIWA

Aprili 2018 upepo ukageuka. Waziri wa Utumishi wakati huo, George Mkuchika, akatangaza kwamba watumishi wa darasa la saba waliokuwa kazini kabla ya Mei 20, 2004 warudishwe, wafanye kazi mpaka wastaafu kwa mujibu wa sheria. Waliofoji vyeti hawakuhusika. Vyama vya wafanyakazi vilikuwa vimeshapiga kelele, na bungeni nako maswali yalikuwa hayaishi.

Tangazo lilisikika Kinyangiri kwa redio, jioni. Baba mdogo hakuruka wala hakupiga kelele. Alimwita mama mdogo, akamwambia, "Lete ule mfuko wa sukari."

Kwa sababu tangazo lilikuwa na tarehe ileile ndani yake. Kabla ya Mei 20. Bila barua ya 2002 yeye angebaki kuwa mtu wa Septemba, mtu wa nje. Halmashauri ilimzungusha wiki kadhaa ikitafuta nakala yake, haikuipata, ikakubali ya kwake baada ya kuilinganisha sahihi. Alirudi kazini katikati ya 2018. Malimbikizo yake aliyapata kwa mafungu, fungu la mwisho likaja ameshasahau alikuwa anadai kiasi gani. Mwaka 2024 akatimiza miaka 60, akastaafu na mkono wa kwaheri na jogoo wawili.

Mwenzake wa veranda, dereva, hakuwa na bahati. Huyo alianza kama kibarua mwaka 2003, kwa mdomo, akalipwa dirishani kwa kusaini daftari. Barua yake ya kwanza ni ya 2006. Daftari la dirishani nani analo? Kila mtu pale anajua aliendesha gari lile 2003. Waliokuwa wanapanda wapo. Aliyemwajiri ameshafariki. Yeye hayumo kwenye agizo la 2018. Na wala hayumo kwenye huruma ya Mei Mosi ya 2022, Rais Samia Suluhu Hassan alipotangaza kwamba waliotolewa kwa vyeti feki warudishiwe michango yao ya mifuko ya jamii. Hiyo ilikuwa ya waliofoji. Alipoisikia akaniuliza swali ambalo mpaka leo sijalipatia jibu: "Kwa hiyo ningefoji ningekuwa kwenye orodha?"

Ameuza mbuzi, amenunua bodaboda. Anabeba watu kati ya Kinyangiri na Iguguno. Cheti hawamwulizi.

Nilipokuwa huko mara ya mwisho, yule kijana wa diploma aliyenijibu vikali alikuwa na kasheshe lake. Aliomba utendaji wa kijiji kwenye halmashauri moja, akatoswa hata kabla ya usaili. Sababu: aliambatisha karatasi ya matokeo badala ya cheti chenyewe cha kidato cha nne. Tangazo lilisema, na matangazo haya husema karibu yote, kwamba karatasi za matokeo na hati za matokeo ya muda hazipokelewi. Cheti chake kilikuwa bado shuleni, alikuwa hajakifuata kwa sababu anadaiwa dawati. Na jina la katikati kwenye cheti cha kuzaliwa limeandikwa tofauti na la shule, kwa hiyo anahitaji pia hati ya kiapo ya majina kutoka kwa wakili. Miaka minne ya kusoma, miwili ya chuo, amekwama kwenye dawati moja na herufi mbili.

Aliyekaa naye kumpanga alikuwa baba mdogo. Kwenye gogo lile lile, miwani puani, kalamu mkononi. Kwanza lipa dawati uchukue cheti. Halafu nenda Singida kwa wakili, wa pili kutoka stendi ni mkali wa bei, mpite. Tangazo linalofuata usisubiri siku ya mwisho, mtandao wa huku unaujua. Kila karatasi toa nakala tatu. Wakikukatalia, waombe wakuandikie, usiondoke na maneno ya mdomo, na uandike tarehe uliyopokea.

Kijana alikuwa anaandika kila kitu nyuma ya daftari la bao. Mama mdogo akapita na ndoo ya maji, akasimama, akasikiliza kidogo.

"Mfuko wa nailoni unao?" akamwuliza.